Mita Sitini za Ghuba Yetu

Hotuba kwa wananchi wa Kigoma Ujiji, Siku ya Maziwa Duniani, 27 Agosti

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wetu kutoka Ujiji, akina mama wa mwaloni, vijana wa boti, walimu wenzangu na wanafunzi wetu: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye.

Nimepewa nusu saa niseme juu ya ziwa letu, na Ziwa Tanganyika haliwezi kuenea katika nusu saa. Lina urefu wa kilometa zipatazo 670. Kina chake kinafika mita 1,470, na kati ya maziwa yote ya duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinalimiliki kwa pamoja: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Mambo yake ni mengi mno. Kwa hiyo nimeamua kuliacha ziwa lenyewe na kusema juu ya kipande kidogo sana cha nchi kavu, ule ukanda unaoanzia Kibirizi, unaingia ndani ya ghuba na kupita bandarini na stesheni, unazunguka Bangwe, unashuka Katonga na kufika Ujiji. Ukanda huo upana wake kisheria ni mita 60. Nusu ya mji huu inapata riziki yake humo, ama moja kwa moja ama kwa kupitia mtu mwingine.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo nalitanguliza ili anayetaka kuondoka mapema aondoke nalo. Ukanda huu unabanwa. Maji yanaupunguza kutoka chini, mji unaupunguza kutoka juu, na sasa mizigo ya reli mpya inaukaribia kutoka mashariki. Utapangwa upya, tutake tusitake. Naomba upangwe kwa kuanza na wale ambao kazi yao haiwezi kufanyika mahali pengine popote, na nitawaeleza ni akina nani.

Kwanza historia, kwa kifupi. Kabla ya reli, mji wa ufukwe huu ulikuwa Ujiji. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaishia pale. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone pale pale. Waha, Wamanyema, Wabwari, Waarabu na watu wa pwani waliuziana chumvi ya Uvinza, mawese, samaki na vitambaa. Ziliuzwa pia pembe za ndovu, na waliuzwa watu, jambo ambalo hatupaswi kulipitia haraka tunapowatembeza wageni chini ya miembe ile. Lakini ufukwe wa Ujiji uko wazi kwa upepo, na maji yake ni mafupi hadi mbali. Meli kubwa haiwezi kusogea. Wajerumani walipoifikisha reli ya kati ziwani mwaka 1914, waliipita Ujiji wakaileta kwenye ghuba hii, kwa sababu hapa kina kiko karibu na nchi kavu na vilima vinakinga. Mwaka uliofuata wakashusha majini meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa upya hapa hapa Kigoma. Waliiita Graf von Götzen. Wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua wote: Liemba.

Halafu mwaka 1921 Waingereza wakawapa Wabelgiji sehemu yao ya bandari hapa Kigoma na nyingine Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja, ndugu zangu.

Nayataja haya kwa sababu moja. Ndani ya miaka isiyofika 10, sehemu nzuri kuliko zote za ufukwe huu iligawiwa mara mbili, na mara zote mbili hakuna mvuvi aliyeitwa kuulizwa, wala mama aliyeanika samaki pale, wala mtu aliyechota maji yake pale asubuhi. Sasa reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja huku. Nimeifurahia, na natamani kuipanda. Lakini ikifika, itataka yadi, maghala, barabara za malori na magati. Huu ni mgawo wa tatu. Safari hii tupo, tunasoma ramani, na tuna madiwani tuliowachagua wenyewe.

Sasa nije kwa akina mama wa dagaa, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa kidogo.

Dagaa wetu mchana hushuka kwenye kina chenye giza. Usiku hupanda kufuata chakula chao, na ndiyo maana wavuvi wanatoka jioni na taa. Zamani karabai, leo taa za sola na betri. Siku za mbalamwezi taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na vyombo vinapumzika. Siku nyingine zote vyombo vinarudi alfajiri, na kuanzia hapo saa inahesabu. Dagaa mbichi ni mwepesi kuharibika, na barafu ya kutosha hapa mwaloni, pale vyombo vinapotua, hatuna. Mama ameshaingia majini hadi magotini, ameshapatana bei, ameshajitwika beseni, na kabla jua halijashika yuko kwenye kichanja chake. Kichanja ni nguzo za miti zinazofika kiunoni, juu yake wavu uliokazwa. Anamwaga dagaa, anawatawanya kwa kiganja taratibu mpaka asiwepo aliyelala juu ya mwenzake. Ndege wanafukuzwa na mtoto au na kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Jua likipanda anawageuza. Inapofika saa tisa au saa kumi anachukua mmoja anamkunja. Akipinda, bado. Akikatika na sauti, yuko tayari, na rangi yake bado ni ya fedha. Huyo ndiye dagaa wa Kigoma anayeulizwa kwa jina katika masoko ya Dar es Salaam na anayevuka mipaka.

Yule anayeanikwa chini mchangani ni dagaa huyo huyo, wa ziwa hilo hilo, usiku ule ule. Lakini ana mchanga ndani yake, hukauka upande mmoja, na anayeuza anakubali bei ndogo kwa sababu mnunuzi naye anajua. Mvua ikimkuta akiwa mbichi, anaishia kuwa chakula cha kuku. Tofauti ya bei kati ya wawili hao ndiyo karo ya mtoto, na inategemea kitu kimoja: mama amepata nafasi ya kusimamisha kichanja au hakupata.

Kuna watu wema ambao wameniambia, mwalimu, si waanikie huko juu, Gungu au Mwanga, kuna viwanja? Nimelifikiria swali hilo kwa uzito wake, na jibu langu ni hapana. Kupandisha samaki mbichi kilimani kunahitaji gari au bodaboda kila siku, na faida ya beseni moja haibebi nauli hiyo. Njiani wanabanana na kupondeka. Na huko juu, katikati ya nyumba, upepo wa ziwani umekatwa, wakati upepo ndio unaofanya nusu ya kazi ya kukausha. Hoteli inaweza kujengwa mlimani na wageni wakafurahia kuona machweo ya jua juu ya milima ya Kongo. Ghala linaweza kujengwa kilometa tano kutoka majini. Kituo cha mafuta kinaweza kukaa barabarani. Kichanja cha dagaa hakiwezi. Karakana ya boti pia haiwezi. Nendeni Ujiji mkawaangalie mafundi wanavyopiga kalafati, pamba inavyosukumwa kwenye maungio ya mbao kwa patasi na nyundo, mwisho chombo kinaburutwa na watu wengi kwenye mteremko wa mchanga. Bila mteremko wa mchanga ulio wazi hakuna chombo kinachoingia majini.

Na wapo wengine ambao hawahesabiwi kabisa, kwa sababu hawauzi kitu. Wanaochota maji mabomba yakikatika. Wanaofua. Waumini wanaokuja Jumapili kubatiza. Vijana wanaocheza mpira jioni mchangani. Bibi anayekuja kuosha miguu na kukaa. Hawa wote wanahitaji njia ya kufika ziwani, na kila mwaka njia hizo zinapungua, ukuta mmoja baada ya mwingine.

Niingie kwenye sheria, kwa sababu sheria yetu ni nzuri kuliko tunavyoitumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ufukwe wa ziwa shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi wa ufukwe huo. Sikilizeni neno hilo, za kudumu. Ukuta wa zege ni wa kudumu. Nyumba ya ghorofa ni ya kudumu. Shimo la choo lililochimbwa mita 20 kutoka majini linadhuru, hilo halina ubishi. Kichanja cha miti kinachong'olewa kwa dakika chache maji yakipanda, na kusimamishwa upya yakishuka, si cha kudumu. Na kifungu hicho hicho kinampa Waziri kazi ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo mlango upo. Sheria haikusema ufukwe uwe mtupu.

Lakini mara nyingi nimeona sheria hii ikianza kutumika kwa mtu mwepesi kuondolewa. Vichanja vinabomolewa asubuhi moja, na ukuta uliopo hatua chache kutoka pale unabaki umesimama kwa sababu una hati, una wakili, na una geti. Simtaji mtu. Waliopo hapa wanajua wameona nini. Ninachoomba ni kwamba tuisome sheria kwa mpangilio ilivyoandikwa: cha kudumu kwanza.

Linakuja swali gumu zaidi, ambalo wanafunzi wangu waliniuliza darasani na likanikosesha jibu la haraka. Mita 60 kutoka wapi? Maana ziwa letu halitulii mahali pamoja.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, na ziwa likajaa. Kufikia 1878 kizuizi kikapasuka, maji yakaanza kukimbia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita zipatazo 10. Mtu akisimama leo kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji anashangaa mbona maji yako mbali vile. Hayakuwa mbali. Mashamba na nyumba zilizopo chini ya mnara zimekaa mahali ambapo zamani mitumbwi ilifungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zikalipandisha tena. Kisha likashuka, watu wakasahau, wakajenga. Na kuanzia mwaka 2020 likarudi. Mmeona wenyewe. Mwaka 2024 lilipanda sana tena, na vitongoji vya Bujumbura na Uvira vikaingiliwa na maji. Hapa kwetu mialo ilimezwa, michikichi ikasimama majini, watu wakahamisha magodoro usiku.

Basi ukipima mita 60 wakati ziwa limeshuka, unampa mtu kiwanja ambacho watoto wake watakikuta chini ya maji. Mimi nashauri, na hili ni pendekezo langu, kipimo kianzie pale maji yalipofika mwaka 2024. Hatuhitaji mtaalamu kutoka mbali kutuonyesha. Kila mwenyekiti wa mtaa wa ufukweni ana wakazi wanaoweza kumpeleka hadi kwenye nguzo au mti na kumwambia, yalifika hapa. Alama ziwekwe mapema, kabla kumbukumbu hazijaanza kugombana na viwanja vilivyouzwa.

Sasa nigeukie ghuba yenyewe, maji yake. Ghuba imefungwa pande tatu. Maji yaliyomo hubadilishana na ziwa kubwa polepole kuliko kwenye ufukwe ulio wazi. Na ziwa lenyewe halisukumi uchafu nje: maji mengi yanayoliacha hupaa kwa mvuke, Lukuga unabeba sehemu ndogo tu. Chukua beseni la maji, liweke juani siku nzima, ukiongeza kila maji yanapopungua. Yanayopaa ni maji matupu, kila ulichotia kinabaki ndani. Oili ya injini ya boti inabaki. Sabuni inabaki. Dawa za shambani zinabaki. Na maji ya kunywa ya mji huu yanavutwa kutoka ziwa hili hili.

Kwa hiyo nasema kwa upendo kwa vijana wanaoosha pikipiki na daladala ukingoni. Kazi yenu ni halali na inawalisha. Lakini si kazi inayohitaji kuwa ukingoni. Inahitaji maji, na maji yanaweza kupandishwa kwa pampu hadi sehemu yenye sakafu na shimo la kunasa oili. Manispaa iwatengee hapo mahali, ninyi mkubali kupanda juu. Nafasi mtakayoiacha ni ya vichanja.

Na vyoo. Jamani, vyoo. Mwaloni kuna mamia ya watu kuanzia usiku wa manane. Nataka niwakumbushe Kagunga, Mei 2015. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia kijiji kile kidogo, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na njia rahisi ya kuwatoa ilikuwa ya majini. Liemba ilikwenda na kurudi ikiwabeba. Watu walikunywa maji ya ziwa na walijisaidia kandokando ya ziwa, maana pengine pa kwenda hapakuwepo. Kipindupindu kikaingia. Ndani ya wiki chache maelfu waliugua, na watu wapatao 30 walifariki. Wale hawakuwa wachafu kuliko sisi. Walikuwa wengi mahali padogo pasipo na vyoo. Mwalo wowote unaojaa bila choo uko katika hatari hiyo hiyo. Choo kijengwe juu ya alama ile ya maji ya 2024, na awepo mtu anayelipwa kukisafisha, kwa sababu choo kisicho na msafishaji hudumu mwezi mmoja.

Jambo jingine linatoka kilimani. Masika ghuba hubadilika rangi, mnaiona ikiwa kama ya matofali karibu na midomo ya mitaro. Huo ni udongo wa vilima vyetu tulivyovikata miti na kuvilima bila makingamaji. Udongo ule unakwenda kulala juu ya miamba ya chini ya maji. Mtasema, miamba ina nini? Ndani ya miamba hiyo kuna samaki wadogo wa rangi ambao aina zao zinapita 200 katika ziwa hili, na nyingi sana kati ya hizo hazipatikani popote pengine duniani. Wanakula ukoga unaoota juu ya mawe, wanazaliana kwenye nyufa za mawe. Jiwe likifunikwa na tope, wamekosa chakula na nyumba kwa pamoja. Matete yaliyokuwa yakikinga tope kwenye midomo ya mito tumeyakata. Upande wa kaskazini, vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe vimekuwa vikipanda miti tangu TACARE, mpango wa Taasisi ya Jane Goodall, ulipoanza mwaka 1994, na mtu akipita kwa boti anaona mwenyewe miteremko iliyoanza kurudi kijani. Si mbali. Boti za Kibirizi zinapita hapo kila siku. Wenye mashamba ya miteremko ya Manispaa wakajifunze huko.

Najua wavuvi mnasubiri niseme juu ya kufungwa kwa ziwa. Nitasema kwa kifupi kwa sababu wengine watalizungumza baada yangu. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ilikuwa miezi mitatu migumu, na nyumba nyingi za hapa ziliuza vitu vya ndani. Naunga mkono kupumzisha ziwa. Siungi mkono kumwambia mvuvi kwamba yeye peke yake ndiye aliyemaliza samaki. Maji ya chini kabisa ya ziwa hili hayana oksijeni, na yamebeba virutubisho vilivyozama kwa miaka mingi. Upepo wa kusi unapovuma, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, ndio unaosaidia kuvipandisha juu, vinakuwa chakula cha viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo vinakuwa chakula cha dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na chakula cha dagaa kinapungua hata bila wavu wowote kutupwa. Kwa hiyo makokoro yaachwe, nyavu zenye macho madogo ziachwe, na wakati huo huo mvuvi asitwishwe mzigo wa joto la dunia nzima.

Vizimba vya kufugia samaki vimeletwa kama njia ya kupata riziki wakati ziwa limefungwa. Vinafaa. Ila vinapenda maji yaliyotulia, na wa kwanza kufikiri atasema: tuviweke ndani ya ghuba. Nasihi visiwekwe ndani ya ghuba. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki vitakaa pale pale, karibu na meli, karibu na wanaooga, karibu na wanaochota. Na samaki wa kufugwa awe ngege wetu wa Tanganyika. Tusilete sato wa maziwa mengine. Siku kizimba kikipasuka, na vizimba hupasuka, huwezi kumkamata mgeni uliyemwachia.

Nimebakiza maombi kwa waheshimiwa madiwani, nayo ni haya.

Kabla mipaka ya yadi na magati haijachorwa, sehemu za vichanja pale Kibirizi, Katonga na Ujiji ziandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa Manispaa, kwa majina ya vikundi vya akina mama, kwa karatasi yenye muhuri. Ahadi ya mdomo wameshapewa, na haizuii greda. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya kila mwalo vihusishwe kwenye upimaji wenyewe, siku ya kamba na vigingi, si siku ya kuletewa taarifa. Kila mtaa unaogusa maji ubaki na njia za wazi za kufika ziwani, zenye upana wa kupitisha watu waliobeba mtumbwi, na njia hizo zionekane kwenye ramani ili anayenunua kiwanja ajue tangu mwanzo kwamba pale hapajengwi. Na kuta zilizopo ndani ya mita 60 zianze kushughulikiwa kabla ya kichanja chochote kuguswa.

Kuna atakayesema nawapendelea wadogo. Bandari ni uti wa mgongo wa mji huu, sipingi hata kidogo. Mizigo ya Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu inapita hapa na iendelee kupita kwa wingi zaidi. Mwanangu anaweza kuajiriwa huko, na wako pia. Lakini bandari ina wahandisi wa kuisemea, ina bajeti, ina wizara. Inaweza kubadilisha mchoro wake mara tatu na bado ikajengwa. Mama wa kichanja ana jua la siku moja. Akikosa nafasi leo, samaki wa leo wameoza, na kesho hana mtaji wa kununua wengine. Ndiyo maana nasema tuanze na yeye. Tukishampa nafasi yake, meza itabaki na nafasi ya kutosha kwa wengine wote.

Sasa kazi. Pale mezani, chini ya mwembe, wanafunzi wa kidato cha tatu wameweka ramani ya ufukwe waliyoichora wenyewe, kutoka Kibirizi hadi Ujiji. Kuna kalamu tatu. Nyekundu ni ya kuonyesha maji yalifika wapi mwaka 2024. Kijani ni ya mahali unapofanyia kazi. Nyeusi ni ya njia ya kwenda ziwani iliyozibwa, na karibu nayo uandike ilizibwa mwaka gani kama unakumbuka. Asiyeandika aseme, mwanafunzi ataandika. Ramani itakaa hadi saa kumi na moja jioni, na kesho asubuhi itapelekwa ofisi ya mkurugenzi pamoja na orodha ya waliotia alama. Wazee wa Ujiji, mtasaidia sana kwenye ile nyekundu. Akina mama wa Kibirizi, tangulieni ninyi, najua mna mzigo juani.